Nje ya Orodha: Ulinzi wa Haki za Raia na Mwelekeo wa Kijinsia katika Sheria za Afrika Mashariki

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ilipotungwa haikuwa na sehemu inayoorodhesha haki za binadamu, na ilibidi yasubiriwe Marekebisho ya Tano ya mwaka 1984 ndipo haki hizo zikaingizwa. Hata hapo, sheria ya mpito iliyoandamana na marekebisho hayo ilizizuia mahakama kuzitumia kutengua sheria zilizokuwapo hadi Machi 1988, ili Serikali ipate nafasi ya kupitia vitabu vyake vya sheria. Katika haki hizo, Ibara ya 13 inasema kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria na inakataza ubaguzi, kisha inaeleza ubaguzi ni nini kwa kutaja mambo ambayo hayaruhusiwi kuwa sababu ya kumfanya mtu aonekane duni: utaifa, kabila, mahali alikotoka, maoni ya kisiasa, rangi, dini, na hali ya maisha. Jinsia haikuwamo. Iliongezwa mwaka 2000, kwa Marekebisho ya Kumi na Tatu, miaka kumi na sita baada ya haki zenyewe kuandikwa.

Ibara hiyo inaonyesha jinsi sheria nyingi za kuzuia ubaguzi duniani zinavyofanya kazi. Zinaweka orodha ya kile ambacho wanasheria hukiita misingi ya ubaguzi, yaani sifa za mtu ambazo mwajiri, ofisa wa Serikali au mwenye nyumba ya kupangisha hawezi kuzitumia kumnyima haki yake. Aliyetajwa ana pa kushika anapofika mahakamani, ilhali asiyetajwa hana budi kwanza kumshawishi hakimu kwamba naye amo, na kwa hiyo mapambano mengi ya haki za raia katika karne iliyopita yalikuwa mapambano ya kuingia katika orodha. Miongoni mwa misingi iliyobishaniwa zaidi katika miaka thelathini hivi iliyopita ni miwili: mwelekeo wa kijinsia, maana yake ni kama mtu huvutiwa kimapenzi na watu wa jinsia yake, wa jinsia nyingine au wote; na utambulisho wa kijinsia, maana yake ni vile mtu anavyojitambua kuwa mwanamume au mwanamke, jambo ambalo kwa baadhi ya watu halilingani na jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa. Kando ya hiyo uko msingi wa tatu, wa huntha, yaani watu waliozaliwa na maumbile ya jinsia yasiyoangukia upande mmoja waziwazi, ambao safari yao ya kisheria katika Afrika Mashariki imekuwa nyepesi kuliko ya wengine.

Kanda ya Ziwa ina nafasi ya pekee katika historia ya orodha hiyo nchini Tanzania. Mara tu muda wa mpito ulipokwisha, shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory lilianza katika mahakama ya mwanzo wilayani Muleba, ambako mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi kwa wosia wa baba yake aliiuza kwa shilingi 300,000, na mpwa wake akadai kwamba kwa mila mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilipofika Mahakama Kuu mjini Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliamua mwaka 1990 kwamba mila hiyo haiwezi kusimama mbele ya haki za msingi, na akaamuru isomwe kana kwamba imerekebishwa. Ikumbukwe kwamba wakati huo jinsia haikuwamo katika ufafanuzi wa ubaguzi wa Ibara ya 13. Jaji aliegemea usawa kwa jumla na mikataba ya kimataifa ambayo nchi ilikuwa imeiridhia. Mlango ulifunguka, kwa maneno mengine, kabla orodha haijaandikwa upya, na mpangilio huo wa matukio utajirudia.

Lakini kuandikwa katika orodha nako si kumaliza kazi. Wajane wawili wa Shinyanga, walionyimwa urithi na kutolewa katika nyumba zao kwa mujibu wa mila za Kisukuma zilizorasimishwa na tamko la Serikali la mwaka 1963, walikwenda Mahakama Kuu wakati jinsia ilikuwa tayari imeingizwa katika Katiba. Mahakama hiyo ilikubali mwaka 2006 kwamba mila zile ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzitengua kwa kuhofia kwamba hukumu moja ingevuruga mila za kila kabila, ikawaelekeza walalamikaji kwenye halmashauri za wilaya. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya kiutaratibu. Ndipo wakapeleka malalamiko kwa Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, ambayo mwaka 2015, ikiwataja kwa herufi za E.S. na S.C. tu, iliona kwamba Tanzania imevunja mkataba huo. Njia hiyo ya Shinyanga hadi Geneva ina umuhimu mkubwa kwa mada hii kuliko inavyoonekana, na itarejewa.

Katika miaka hiyohiyo Bunge lilirefusha orodha kwa sheria za kawaida. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimkataza mwajiri kubagua kwa misingi mingi zaidi ya ile ya Katiba, ukiwamo ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya kifamilia, ulemavu, umri, na kuishi na virusi vya UKIMWI. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ikakataza unyanyapaa. Na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ikafuata mwaka 2010, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino kuitikisa mikoa ya Shinyanga na Mwanza na eneo la Geita tangu mwaka 2007 au kabla kidogo, kwa imani iliyoenezwa na waganga wa jadi kwamba viungo vyao huleta bahati, hata katika kupata dhahabu. Mahakama Kuu ilipoketi Kahama mwezi Septemba 2009 na kuwatia hatiani watu watatu kwa mauaji ya mvulana mwenye ualbino wilayani Bukombe, hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Kuna jambo la kusikitisha katika mfululizo huu: kila kundi lililoingia katika orodha lilitanguliwa na maumivu yaliyokuwa yamekwisha kuonekana na kila mtu.

Mwelekeo wa kijinsia haumo katika orodha yoyote kati ya hizo. Jambo hilo lina sura yake ya pekee katika ukanda wa dhahabu wa Kanda ya Ziwa, kwa sababu kampuni kubwa zilizochimba huko zimetoka katika nchi ambazo sheria zake zinautaja. Mgodi wa Geita uliendeshwa na AngloGold Ashanti, kampuni yenye asili ya Afrika Kusini, nchi iliyokuwa ya kwanza duniani kuandika mwelekeo wa kijinsia katika katiba, kwanza katika katiba ya mpito ya mwaka 1993 na kisha katika ile ya kudumu ya mwaka 1996. Bulyanhulu uliingia mikononi mwa Barrick ya Kanada mwaka 1999, miaka mitatu tu baada ya Bunge la Kanada kuuongeza msingi huo katika sheria yake ya haki za binadamu, nalo likaongeza utambulisho wa kijinsia mwaka 2017. Sheria hizo haziendi na mitambo. Mfanyakazi wa mgodi mkubwa wilayani Kahama analindwa na orodha ya Tanzania, wala si ya Toronto, na mwanaapolo, yaani mchimbaji mdogo, wa Mwakitolyo, kata katika Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, mara nyingi halindwi hata na hiyo, kwa kuwa hana mkataba wa ajira. Anapata mgawo wa mawe kutoka kwa mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, na akifukuzwa shimoni kwa sababu yoyote ile, iwe kabila lake, ugonjwa wake au uvumi juu ya maisha yake ya faragha, hakuna karatasi anayoweza kuipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Juu ya ukimya huo wa orodha kuna sheria ya jinai. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya mwaka 1930, iliyochukua nafasi ya ile ya India ambayo Waingereza walikuwa wameitumia tangu walipokabidhiwa nchi, ilikuja na kifungu cha 154, kinachoadhibu kumwingilia mtu kinyume cha maumbile, mwanamume au mwanamke, hata kwa ridhaa yake. Asili ya maneno hayo ni kifungu cha 377 cha sheria ya India ya mwaka 1860, kilichoenezwa katika makoloni mengi ya Uingereza. Adhabu ya awali ilikuwa kifungo cha hadi miaka 14. Bunge huru ndilo lililoikaza: Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, iliyotungwa hasa kuwalinda wanawake na watoto dhidi ya ubakaji, iliifikisha adhabu hiyo kifungo cha maisha na kuweka kima cha chini cha miaka 30. Hivyo basi hoja kwamba sheria hii ni ya kigeni ni kweli kwa maneno yake na si kweli kwa uzito wake.

Watu wengi, wanaotaka mabadiliko na wasioyataka vilevile, hudhani kwamba haiwezekani kumlinda mtu dhidi ya ubaguzi ilhali tendo linalohusishwa naye bado ni kosa. Historia ya kusini mwa Afrika inakanusha dhana hiyo waziwazi. Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, iliuandika mwelekeo wa kijinsia katika sheria yake ya kazi ya mwaka 2007, na kanuni mpya ya adhabu iliyoachana na vifungu vya Kireno haikuanza kutumika hadi mwaka 2015. Ushelisheli iliuweka katika sheria ya ajira mwaka 2006 na kufuta kosa la jinai mwaka 2016. Morisi ilipitisha sheria ya fursa sawa mwaka 2008, na Mahakama yake ya Juu ikatengua kifungu cha jinai mwaka 2023. Botswana iliirekebisha sheria ya ajira mwaka 2010, na kifungu cha jinai kikaanguka mwaka 2019, uamuzi uliothibitishwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2021. Hata Afrika Kusini, katiba ilitangulia na hukumu iliyofuta kosa ilikuja mwaka 1998. Katika bara hili ulinzi umezoea kuingia kwa mlango wa kazi, bila kelele, na sheria ya jinai ikafuata nyuma kwa kuchelewa.

Afrika Mashariki haikupitia mlango wa kazi. Ilipitia ule wa faragha, wa jina na wa usajili. Uganda ndiyo iliyoanza. Mwaka 2005 kiongozi wa serikali ya mtaa aliingia bila hati ya upekuzi katika nyumba ya mwanaharakati Victor Juliet Mukasa, akachukua nyaraka, na mgeni aliyekutwa humo, Yvonne Oyo, akakamatwa na kudhalilishwa. Mwezi Desemba 2008 Jaji Stella Arach-Amoko aliamua kwamba haki zao za faragha na utu zilivunjwa, akaamuru walipwe fidia. Gazeti moja la Kampala lilipochapisha mwaka 2010 picha na majina ya watu liliodai ni mashoga, likichochea wanyongwe, Mahakama Kuu iliona kwamba haki zao za utu na faragha zilikuwa hatarini, ikaeleza pia kwamba kifungu cha jinai kinahusu tendo lililofanywa, si mtu kuwa shoga tu. Mmoja wa walalamikaji, David Kato, aliuawa nyumbani kwake wiki chache baadaye. Katika mashauri haya hakuna haki mpya iliyotamkwa. Mahakama zilisema tu kwamba haki ya zamani ya mtu kutovamiwa nyumbani haiondoki kwa sababu ya fununu kuhusu anayeishi humo.

Uganda pia ndiyo iliyokuwa na kesi inayoligusa moja kwa moja suala la orodha. Sheria iliyounda Tume ya Fursa Sawa mwaka 2007 iliinyima Tume hiyo mamlaka ya kuchunguza jambo lolote linaloonekana na walio wengi kuwa la uovu au lisilokubalika kijamii, kifungu ambacho kiliufunga mlango wa chombo kilichoundwa kwa ajili ya wanaobaguliwa mbele ya wale hasa wanaobaguliwa na wengi. Wakili Adrian Jjuuko alikipinga mwaka 2009. Mahakama ya Katiba ilikitengua mwezi Novemba 2016. Hata hivyo nchi hiyohiyo ilitunga sheria kali dhidi ya ushoga mwaka 2014, iliyotenguliwa baada ya miezi michache kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi, na nyingine mwaka 2023, yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, ambayo sehemu yake kubwa ilithibitishwa na Mahakama ya Katiba tarehe 3 Aprili 2024.

Kenya ndiko suala lilikochambuliwa kwa kina zaidi. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 27(4), inakataza Dola kumbagua mtu kwa msingi wowote, kisha inataja misingi kadhaa kama mifano. Kwa hiyo orodha yake iko wazi, tofauti na ile ya Tanzania, ambayo inafafanua ubaguzi kwa kutaja misingi yenyewe bila kuacha nafasi dhahiri ya mwingine. Ushindi wa kwanza ulihusu utambulisho wa kijinsia. Mwezi Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Kitaifa la Mitihani limpe Audrey Mbugua cheti kipya cha sekondari chenye jina lake la sasa na kisicho na alama ya jinsia, kwa hoja rahisi kwamba alama hiyo si matakwa ya sheria. Mwaka huohuo mahakama ziliielekeza Serikali kuwatambua watoto huntha katika usajili wa vizazi, na sensa ya mwaka 2019 ikawahesabu huntha 1,524, kundi ambalo sasa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inalitaja kwa jina. Inafaa kuuliza kwa nini wabunge waliokuwa wakali kwa wengine hawakuwa wakali kwa hawa. Pengine ni kwa sababu huntha alionekana kuwa suala la maumbile na hospitali, lisilohitaji mtu yeyote kubadili msimamo wake kuhusu mapenzi.

Shauri la Eric Gitari lilikuwa gumu zaidi. Alitaka kusajili tume ya haki za binadamu ya mashoga na wasagaji, na Bodi ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ikalikataa kila jina alilopendekeza, ikitaja kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, ndugu wa kifungu cha 154 cha Tanzania. Mahakama Kuu iliamua kwa upande wake mwaka 2015, na Mahakama ya Rufaa ikafanya hivyo mwaka 2019 kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Mahakama ya Juu, iliyo kilele cha mahakama zote za Kenya, ilihitimisha tarehe 24 Februari 2023, nayo pia kwa watatu dhidi ya wawili: Mwilu, Wanjala na Njoki Ndung'u upande mmoja, Ibrahim na Ouko upande wa pili. Walio wengi walisema kwamba kifungu cha 162 kinaadhibu tendo na hakimwadhibu mtu kwa alivyo, kwamba mtu hapotezi haki ya kujiunga na wenzake kwa sababu ya mwelekeo wake, na kwamba jinsia katika Ibara ya 27(4) inajumuisha mwelekeo wa kijinsia. Ombi la mbunge George Kaluma la kutaka hukumu hiyo ipitiwe upya lilitupwa Septemba 2023. Wakati huo wote kifungu cha 162 kimeendelea kuwapo, kwa kuwa Mahakama Kuu ilikataa kukitengua tarehe 24 Mei 2019. Kenya, basi, imefikia hali iliyokwisha kuonekana Msumbiji na Botswana: aliye nje ya sheria ya jinai kwa tendo anaweza kuwa ndani ya ulinzi wa sheria kwa nafsi yake.

Hoja iliyotumiwa Nairobi, kwamba jinsia inajumuisha mwelekeo wa kijinsia, haikuwa ngeni duniani. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliishaisema mwaka 1994 katika shauri la Toonen dhidi ya Australia, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitumia mwezi Juni 2020 katika shauri la Bostock, ilipoamua kwamba sheria ya haki za raia ya mwaka 1964, isiyotaja mwelekeo wala utambulisho wa kijinsia, inamzuia mwajiri kumfukuza mtu kwa mambo hayo, kwa kuwa hawezi kufanya hivyo bila kuizingatia jinsia yake.

Nchini Tanzania suala lilikuja kwa mlango wa zahanati. Huduma za UKIMWI zilikuwa zimepangwa kwa kuyafikia makundi maalumu, yaani watu walio katika hatari kubwa ya maambukizi, wakiwamo wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume, na waelimishaji rika walikuwa wakifanya kazi hiyo hata katika miji ya machimbo, ambako watu huhamahama na fedha huja na kwenda kwa siku moja. Mwaka 2016 Wizara ya Afya ilipiga marufuku ugawaji wa vilainishi, na Februari 2017 ikasitisha huduma za aina hiyo katika vituo 40. Oktoba mwaka huo polisi waliwakamata watu 13 hotelini Dar es Salaam, wakiwamo mawakili kutoka Afrika Kusini, waliokuwa wakijadili uwezekano wa kufungua kesi kuhusu kufungwa kwa vituo hivyo; wageni wakafukuzwa nchini, na kesi ikafa kabla ya kuzaliwa. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alipotangaza mwishoni mwa Oktoba 2018 msako wa mashoga na kuomba wananchi wawataje, Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa tamko tarehe 4 Novemba kwamba hayo ni maoni yake binafsi na kwamba nchi itaendelea kuheshimu mikataba ya haki za binadamu iliyoiridhia. Denmark ilizuia msaada, Umoja wa Ulaya ukamwita nyumbani balozi wake, na Marekani ikamzuia Makonda kuingia nchini humo Januari 2020. Mashinikizo hayo ya nje yalileta hasara moja isiyozungumzwa sana: yalirahisisha kazi ya wale wanaodai kwamba jambo lenyewe ni la wafadhili.

Kilichobadilika zaidi hakikupigiwa kelele. Mwezi Juni 2020 Bunge lilirekebisha sheria ya utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi, likamtaka kila anayefungua shauri la kikatiba aape kwa kiapo cha maandishi jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Kabla ya hapo mwanaharakati Rebeca Gyumi aliweza kupinga ndoa za utotoni, ambazo Shinyanga imekuwa miongoni mwa mikoa inayoongoza kwazo, bila yeye kuwa binti aliyeozwa, na Mahakama ya Rufani ikaudumisha ushindi wake mwaka 2019. Kwa sharti hilo, aliyetaka kudai kwamba mwelekeo wa kijinsia uhesabiwe ndani ya Ibara ya 13 alilazimika kujitaja kwa jina na kuapa kwamba ni mtu wa namna hiyo, mbele ya Dola yenye kifungu cha 154 mkononi.

Njia za nje nazo zimepungua. Tanzania haijaridhia itifaki inayomruhusu mtu binafsi kulalamika mbele ya ile Kamati iliyoamua shauri la Toonen. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua Februari 2025 kwamba nchi ilishindwa kuwalinda watu wenye ualbino, lakini shauri hilo lilifunguliwa mwaka 2018. Tanzania iliondoa Novemba 2019 tamko lililowaruhusu raia na mashirika kwenda huko moja kwa moja, na tangu mwishoni mwa Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa mashauri mapya. Miongoni mwa zilizobaki ni ile iliyopitiwa na wajane wa Shinyanga, kwa kuwa itifaki ya hiari ya mkataba wa wanawake, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 2006, ingali inatumika. Mwezi Februari 2022 Kamati hiyohiyo ilisikiliza malalamiko ya Rosanna Flamer-Caldera wa Sri Lanka, nchi ambayo kanuni yake ya adhabu ni ya ukoo mmoja na ya Tanganyika, ikaamua kwamba kuufanya uhusiano wa ridhaa kati ya wanawake kuwa kosa la jinai ni ubaguzi unaokatazwa na mkataba. Wanaume, kwa maandishi ya mkataba huo, hawawezi kuitumia njia hiyo.